Bahi, Mwalimu na Kengele ya Reli

Treni ya kutoka Dodoma, ikishaziacha Zuzu na Kigwe, huanza kupunguza mwendo, na Bahi hukupokea kwa harufu kabla hujaona nyumba. Ni harufu ya kambare waliobanikwa kwa moshi wa kuni za mgunga, ya tope la mbuga, ya vumbi lililonyunyiziwa maji mbele ya maduka. Shuka nami hapa, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Angalia mkono wako usiguse ubavu wa behewa, chuma bado kina moto wa jua. Chini ya madirisha akina mama wamekwisha kujipanga na ungo zao: mayai ya kuchemsha, karanga, ubuyu uliofungwa kwenye vipande vya gazeti, kambare waliochomekwa vijiti, kuku waliofungwa miguu wanaochungulia chini ya kwapa la mwenyewe. Abiria wa Tabora na Kigoma wananyoosha mikono nje, senti zinadondoka, watoto wanazikimbilia. Mmoja wa watoto hao ni mimi.

Tukiacha stesheni tunapita nyumba za wafanyakazi wa reli zilizopakwa chokaa, tunavuka njia ya pembeni ambako mabehewa ya mizigo hulala, kisha tunafika dukani kwa mzee mmoja wa Kiislamu ambaye watoto wote tulimwita babu, ingawa hakuwa na undugu wa damu na yeyote kati yetu. Ndani kunanukia mafuta ya taa, kaniki mpya na sabuni ya mche. Barazani, juu ya kiti cha peke yake, imekaa redio ya Philips iliyovishwa mfuko wa ngozi wenye matundu. Jioni, taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam ikikaribia, wazee huja na vigoda vyao. Mbukwa, mbukwenyi, husalimiana kwa Kigogo hata asiye Mgogo, halafu kimya. Sauti ya Mwalimu Nyerere niliijua pale barazani. Sura yake niliijua katika picha tu, ile iliyokuwa imetundikwa ukutani kwa mwenye duka, juu kidogo ya mizani.

Kutoka pale njia inateremka kwenda mbugani, na ukitaka kuelewa watu wa Bahi walivyosali, sharti uione kwanza ile mbuga. Mvua zikinyesha, kati ya Desemba na Aprili, maji hukusanyika kutoka pande zote yakawa ziwa ambalo ng'ambo yake huioni. Korongo na mwari hushuka kwa makundi. Wavuvi husukuma mitumbwi kwa pondo, na kandokando akina mama huinama siku nzima kwenye majaruba ya mpunga, maji yakiwafika magotini. Kiangazi kikiingia, ziwa lile lile hunywea likapotea. Tope jeusi hupasuka, chumvi huchanua nyeupe juu yake, na upepo wa Agosti huibeba hadi majumbani, machoni, kwenye mlenda uliopikwa. Mwaka wenye mvua Bahi ina mchele na samaki. Mwaka usio na mvua Bahi ina njaa. Katikati ya hiyo miwili sikumbuki mwaka wowote.

Kwa hiyo kila mtu aliomba mvua, na kila mmoja aliiomba kwa njia aliyolelewa nayo. Bibi mzaa baba alikuwa Mwanglikana wa wamisionari wa zamani. Alimwita Mungu Mulungu, na alimsoma katika Biblia ya Kigogo aliyoifunga kwa kipande cha kaniki ili vumbi lisiiingie. Mama alikuwa Mkatoliki, aliyekuja na rozari yake kutoka upande wa Manyoni alipoolewa. Mzee wa duka na wenzake walitoka uwanjani, wakapanga safu juani, wakaswali swala ya kuomba mvua. Na wapo wazee waliobaki wakipakumbuka mahali pa matambiko, ambapo zamani za watemi alichinjwa mnyama mweusi ili mawingu nayo yawe meusi. Katika ua mmoja, siku ya mvua ya kwanza, ungeweza kusikia haleluya, alhamdulillahi na vigelegele vya Kigogo kwa pamoja, na harufu ya udongo uliolowa ikiwafikia wote sawasawa.

Kigango chetu kilikuwa nyumba ya tope yenye paa la bati na mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo. Nje, kwenye tawi la mgunga, kilining'inia kipande cha reli. Baba alikuwa kibarua wa njia, wale wanaokaza misumari na kubadilisha mataruma, na yeye na wenzake ndio waliokibeba mabegani kile kipande kibovu baada ya kupata ruhusa. Kilipigwa kwa nyundo. Sauti yake ilikuwa kali, ya chuma, inayokwenda mbali juu ya mbuga na kurudi. Kilipigwa kwa ajili ya sala ya Jumapili, kilipigwa mtu akifa awe wa dini yoyote, na balozi wa nyumba kumi alikuja kukiazima akiwa na mkutano wa chama cha TANU. Hakuna aliyeona ajabu.

Padri alifika mara moja moja, kwa Land Rover iliyojaa vumbi hadi ndani ya masanduku ya vyombo vya misa. Jumapili nyingine zote katekista ndiye aliyetuongoza. Alikuwa mtu mwembamba, mkulima wa uwele kama wengine, mwenye shati moja jeupe la kanisani na kalamu mfukoni. Baada ya sala alituketisha watoto kivulini kwa mafundisho, na pale siku moja mwenzetu akauliza lile ambalo sote tulikuwa tunajiuliza: huyu Mwalimu wa kwenye redio, naye anasali?

Katekista alituambia kwamba anasali, tena kila siku ya Mungu anahudhuria misa ya asubuhi kabla ya kwenda ofisini. Kisha akaeleza, na mimi ndipo nilipoyasikia kwa mara ya kwanza mambo ambayo baadaye niliyakuta vitabuni. Kwamba alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, katika nyumba ya wake wengi na watoto wengi ambayo haikuwa ya Kikristo. Kwamba alipopelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, alianza kufuata mafundisho ya dini katika misheni ya Nyegina. Kwamba alisubiri. Mzee Burito alifariki mwaka 1942, na tarehe 23 Desemba 1943, siku mbili kabla ya Noeli, mwanawe aliyekuwa sasa kijana wa chuo cha Makerere alibatizwa pale Nyegina kwa jina la Julius.

Kwetu sisi watoto hilo la kusubiri ndilo lililotushangaza. Tulibatizwa tukiwa mikononi, hatukumbuki maji yale. Yeye alitembea kwa miguu yake hadi kwenye maji, mtu mzima, akijua anachokubali na anachokiacha. Nilipokua nililiwaza sana jambo hili, na naamini ndilo lililompa ile heshima aliyokuwa nayo kwa imani za wengine. Mtu aliyepewa nafasi ya kuchagua bila kusukumwa haoni sababu ya kumsukuma mwenzake.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia bibi. Alikuwa amekaa chini akipepeta uwele, makapi yakiruka kuelekea zizini. Alinisikiliza nusu nusu mpaka nilipofika kwenye jina lake la utoto. Katekista alikuwa ametuambia kwamba Kambarage ni jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki, alilopewa kwa kuwa siku ya kuzaliwa kwake mvua ilinyesha sana. Bibi akasimamisha ungo hewani.

"Alizaliwa na mvua?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi wamlete Bahi, mjukuu wangu. Wamlete upesi."

Akacheka kwa muda mrefu, meno yake machache yakionekana, kisha akaendelea kupepeta. Lakini usiku ule, katika sala yake ndefu ya Kigogo tuliyozoea kusinzia katikati yake, nilimsikia akilitaja jina hilo, la mvua, badala ya kusema mtawala wetu kama alivyosema siku zote.

Na kweli, hakuletwa Bahi, lakini aliletwa karibu. Ukame wa mwaka 1969 uliwapiga Wagogo vibaya, na mwaka uliofuata TANU ikaanza ile kazi iliyojulikana kama Operesheni Dodoma, ya kuwakusanya watu waliotawanyika wakae katika vijiji vya ujamaa karibu na maji, shule na zahanati. Mwaka 1971 Mwalimu mwenyewe alihamia kwa muda Chamwino, mashariki ya mji wa Dodoma, jirani na misheni ya Buigiri, akakaa na wanakijiji na kufanya nao kazi ya kufyatua matofali. Kutoka kwetu mpaka kule ni mwendo wa kuuvuka mji na kuendelea, lakini habari ilifika Bahi kwa treni ya kwanza. Rais anakanyaga udongo. Wazee barazani walitaka kusikia mara mbili.

Mjomba wangu, mdogo wa mama, alikwenda na kundi la vijana kujitolea. Aliporudi alikuwa na mikono iliyopasuka na masimulizi ya kutosha majioni mengi. Nakumbuka tulivyokaa kwenye ngozi ya ng'ombe uani, mbuzi wakitafuna nyuma yetu, moto wa mavi makavu ya ng'ombe ukitoa ule moshi mtamu unaofukuza mbu. Alituonyesha kwa mikono namna udongo unavyokandwa mpaka ukome kunata, unavyopigwa kwenye kalibu, kalibu inavyonyanyuliwa kwa haraka ili pembe zisivunjike. Alisema alimwona Mwalimu kwa mbali, kaptula na shati, udongo mpaka kwenye viwiko, akiongea huku akifanya kazi. Mama hakutaka kujua habari za kalibu.

"Na Jumapili?" akauliza. "Jumapili alikwenda kanisani?"

Mjomba akajibu kwamba hilo yeye hakulichunguza, maana Jumapili alikuwa amelala kwa uchovu. Mama akamwangalia mdogo wake kwa jicho ambalo mwenye dada mkubwa yeyote analijua.

Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao mama usiku ule, na jibu la swali lake nimelitafuta kwa njia nyingine. Oktoba 1970, miezi tu kabla ya Chamwino, Mwalimu alikuwa New York, mbele ya masista wa shirika la Maryknoll. Aliwaambia kwamba kama mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, yeye hawezi kukubali kumfikiria Mungu aliye masikini, mjinga, mwenye hofu na mwenye kuonewa. Na kwamba Kanisa lisiposimama na masikini katika kuubadili mpangilio unaowafanya wawe masikini, watu wataliona ni la wanaowakandamiza. Alitoka kusema maneno hayo kwenye ukumbi wa Marekani, na ndani ya mwaka mmoja mikono yake ilikuwa kwenye udongo wa Wagogo. Mimi siwezi kuyatenganisha mambo hayo mawili. Matofali ya Chamwino yalikuwa sehemu ya sala zake, hata kama mjomba alilala Jumapili nzima.

Nisiseme kwamba kila kitu kilikuwa kitamu. Wengi walihamia vijiji hivyo vya ujamaa kwa shida, na bibi yangu hakupenda kuhama. Tembe lake lilikuwa limejengwa na mumewe, paa la udongo ambalo juu yake alianika mlenda na matango ya porini, na chini yake kulikuwa na giza lenye ubaridi hata saa saba mchana. Siku ya kwenda kwenye viwanja vya mstari walitoa kilindo cha mtama, wakatoa mafiga, wakatoa vibuyu vya maziwa ya mgando vikiwa bado na harufu ya moshi. Bibi alibeba mwenyewe Biblia yake na jiwe la kusagia. Mvua za miaka miwili mitatu zikalirudisha tembe kwenye ardhi. Hakuacha kuwaombea viongozi Jumapili hata moja, ila siku nyingine sala hiyo aliisema haraka haraka. Nami namheshimu kwa yote mawili.

Shuleni mabadiliko yalikuwa ya kimya zaidi. Mwaka 1969 serikali ilizitwaa shule za madhehebu zikawa za umma, nchi nzima. Ilitwaliwa hata Mtakatifu Fransisko, Pugu, alikofundisha Mwalimu mwenyewe mpaka alipoiacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya TANU. Kule Dodoma, shule ya Waanglikana iliyokuja kuitwa Mazengo nayo ikawa ya serikali. Ikumbukwe huyu ni mtu aliyesomeshwa na kulelewa na mapadri. Padri Richard Walsh wa Tabora ndiye aliyemhangaikia mpaka akapata nafasi ya kwenda kusoma Edinburgh. Ingekuwa rahisi kwake kuwapendelea wa kwao. Badala yake alichukua shule zao akazifungulia watoto wa Kiislamu na wasio na dini, ambao kwa miaka mingi mlango ule ulikuwa mwembamba kwao.

Sisi tulichokiona ni kipindi cha dini. Saa ilipofika tuligawanyika. Waanglikana walibaki darasani kwa kuwa walikuwa wengi, Wakatoliki tulikwenda kivulini kwa katekista, Waislamu walimfuata ustadhi wao kwenye baraza la nyuma, nasi tukawa tunawasikia wakisoma alif, be, te kwa sauti moja huku sisi tukikariri Baba Yetu. Waliobaki, watoto wa wazee wa matambiko, walitumwa kuchota maji ya bustani, na nakumbuka tuliwaonea wivu. Baada ya nusu saa tulikuwa tena kwenye benchi moja, tunakula karanga za mfuko mmoja. Mwalimu alikuwa akisema kwamba nchi haina dini ila watu wake wanazo. Sisi hatukuyajua maneno hayo, lakini tuliishi ndani yake kila wiki.

Katikati ya miaka ya sabini mvua zilikatika tena. Tulikula mahindi ya njano yaliyoletwa kwa treni kutoka ng'ambo, mama akichanganya unga wake na wa uwele ili tuweze kuumeza. Kile kipande cha reli kilipigwa kila jioni kwa rozari ya kuomba mvua. Mzee wa duka alikuja akasimama nje ya kigango, kofia yake ya mkono kichwani, kwa sababu, alisema, anayeomba mvua anaomba ya wote. Wakati huo huo mji wa Dodoma ulikuwa umetangazwa kuwa makao makuu ya nchi. TANU ilikata shauri hilo Oktoba 1973. Watu wa barazani walibishana kwa nini Mwalimu ameichagua nchi kavu kama hii. Mzee mmoja alisema pengine anataka wakubwa nao wajifunze kuangalia mawingu.

Nilikua, nikaondoka Bahi kwa treni ile ile, nikafanya kazi Dar es Salaam. Katika miaka baada ya yeye kung'atuka urais mwaka 1985, nilikwenda baadhi ya asubuhi kusali kanisa la Mtakatifu Petro, Oysterbay. Hapo ndipo nilipomwona. Hapakuwa na tangazo. Bado giza jepesi, feni zinazunguka polepole, harufu ya bahari na ya maua ya mlangilangi ikiingia kupitia madirishani, na katika watu wachache wa misa ya alfajiri, wapishi, wauguzi wanaotoka zamu, masista, kulikuwa na mzee mwenye nywele nyeupe aliyeinamisha kichwa. Alipiga magoti tulipopiga magoti. Alikwenda kwenye komunyo kwa mstari, nyuma ya mama mmoja aliyejifunga khanga. Misa ilipokwisha alibaki kidogo, kisha akatoka.

Nilimwandikia mama barua siku hiyo hiyo. Aliijibu kwa mkono wa mjukuu wake: alisema yeye alijua tangu zamani, ni mdogo wake tu aliyelala.

Kuna jambo moja zaidi alilolifanya ambalo nadhani watu hawalitaji vya kutosha. Mtu aliyemfasiri Shakespeare kwa Kiswahili katika miaka ya mwanzo ya uhuru, uzeeni aligeukia Enjili. Akaitunga upya kwa utenzi, Mathayo, Marko, Luka na Yohana, kisha Matendo ya Mitume, vitabu vilivyotolewa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho mwaka 1996. Fikiria kazi yake: beti kwa beti, mizani nane, kina cha mwisho kikirudi, habari yote ya Yesu kutoka horini hadi kaburini. Hakuna aliyemtuma. Haikuwa kazi ya siasa wala ya kutafuta sifa, kwani nani husifiwa kwa tenzi siku hizi.

Nilivipeleka vitabu hivyo Bahi. Mama alikuwa ameanza kutoona vizuri, kwa hiyo nilimsomea. Tulikaa kwenye mkeka chini ya mkwaju ulioota pembeni ya nyumba ya mstari, maganda yake makavu yakidondoka juu ya kurasa. Jirani akaja na mchele wake wa kuchambua, akakaa. Watoto wakaja. Utenzi una jambo lake: ukishaingia katika mwendo wake, hata asiyesoma anaanza kukitabiri kina kabla hujakifikia, na mama akawa anakisema pamoja nami, kwa sauti ya chini, akitikisa kichwa anapopatia. Nilipofika kwenye mfano wa mpanzi, mbegu iliyoangukia penye mwamba na iliyoangukia penye udongo mzuri, yule jirani akaacha kuchambua. Hizo ni habari za mtu wa Bahi kabisa. Mbegu iliyoota upesi na kuunguzwa na jua tunaijua kwa majina ya mashamba. Mama akasema maneno aliyozoea kusema juu ya mtu aliyemridhisha: huyu amelelewa. Aliyasema juu ya mtu aliyeongoza nchi zaidi ya miaka ishirini, na kwake hapakuwa na sifa iliyoizidi hiyo.

Tarehe 14 Oktoba 1999, Alhamisi, Mwalimu alifariki katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas, London. Nilikuwa nyumbani wiki ile. Redio zote za Bahi zilikuwa wazi, milango yote wazi, na sauti ya Rais Mkapa ilitoka kila nyumba kwa pamoja hivi kwamba ukitembea barabarani hukukosa neno. Mtu mmoja akaenda kwenye mgunga akapiga kengele ya reli, akaipiga muda mrefu. Msikitini walisoma dua baada ya Magharibi. Waanglikana walikusanyika kanisani kwao, sisi kigangoni, na baadaye usiku watu walikaa pamoja mbele ya duka, ambalo sasa liliendeshwa na mtoto wa yule mzee. Ile picha ilikuwa bado juu ya mizani. Bibi alikuwa amekwisha tangulia miaka mingi. Mama alisali rozari yote bila kunyanyuka.

Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilianza mchakato wa kumtangaza Mwenye Heri, na tangu hapo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Kila mwanzoni mwa Juni mahujaji kutoka Tanzania huungana na familia yake kule Namugongo, Uganda, kumwombea. Mchakato wa namna hiyo unakula miaka, na chakula chake ni ushahidi: barua, hotuba, na zaidi ya yote watu waliomwona kwa macho yao. Wasomi watatoa vitabu, viongozi wenzake wametoa yao. Lakini wale waliokanda udongo naye Chamwino, waliomchotea maji, waliogombana naye juu ya mahali pa kujenga, wanazeeka, na wengi wao hawakuwahi kuulizwa lolote.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji, kama una babu au bibi Bahi, Chamwino, Buigiri au kijiji chochote cha Ugogo ambaye mwaka 1971 alikuwa mtu mzima, keti naye kabla ya mvua zijazo. Muulize alichokiona. Usimchagulie mazuri, mwache aseme pia habari za tembe lililobomoka na sala iliyosemwa haraka haraka. Andika kwa lugha anayoitumia, Kiswahili au Kigogo, tia tarehe na jina la kijiji, kisha ukabidhi parokia iliyo karibu nawe, iwe wewe ni Mkatoliki au siye.